Kusoma kwa ufadhili, unaingia Mombasa au unatoka: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Jumamosi baada ya adhuhuri huwa nakaa kwenye baraza ya nyumba ya mjomba wangu, Mji wa Kale, na vijana hunijia na mafaili yao. Wako wanaotaka kutoka: Ankara, Budapest, Leeds, Madina. Wako walioingia kutoka Mogadishu, Bujumbura au Tanga, nao wanataka kusoma hapa hapa pwani. Mwanzoni nilidhani hawa ni watu wa shida mbili tofauti. Sasa naona shida ni moja, nayo ni karatasi. Niliowaona wakikosa ufadhili kwa upungufu wa akili ni wachache. Walioangushwa na herufi moja ya jina, au na tarehe iliyopita juzi, siwezi kuwahesabu. Maswali nimeyaweka kama yanavyonijia, wala si kwa ukubwa wake.

Nimeambiwa ni "ufadhili kamili". Si ndiyo kusema kila kitu kimelipwa?

La. "Kamili" ni neno la tangazo, na kila mfadhili ana kamili yake. Türkiye Bursları, ufadhili wa serikali ya Uturuki, hulipa ada, hosteli, bima ya afya, posho ya mwezi, mwaka mmoja wa kujifunza Kituruki, na tiketi ya ndege ya kwenda mwanzoni na ya kurudi mwishoni. Stipendium Hungaricum wa Hungaria, ulioanza 2013, hulipa ada na hukupa nafasi ya hosteli au mchango wa kodi. Lakini tiketi ya ndege ni juu yako, na posho ya shahada ya kwanza na ya uzamili ni forinti 43,700 kwa mwezi, pesa ambazo Budapest hazikufikishi tarehe ishirini. Erasmus Mundus, kwa masomo ya uzamili barani Ulaya, hutoa euro 1,400 kwa mwezi. Ni nyingi, ila nauli, viza na kodi ya nyumba zote zimo humo humo.

Halafu kuna mashimo ya kabla ya safari ambayo karibu hakuna mfadhili anayeyaziba: pasipoti, cheti cha polisi cha tabia njema (shilingi 1,050 kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, na alama za vidole juu yake), tafsiri za vyeti, vipimo vya afya, safari za Nairobi mbili au tatu, koti la baridi. Chukua karatasi, kata mstari katikati. Kushoto andika yote barua ya ufadhili inayosema italipa, kwa maneno yake yenyewe. Kulia andika yaliyobaki. Upande wa kulia ndio unaopeleka kwenye mchango wa ukoo, na uupeleke wote kwa mkupuo mmoja. Mara ya kwanza watu huchanga kwa furaha, mara ya pili kwa adabu, mara ya tatu wanatoka kwenye kundi la WhatsApp.

Na usione haya kuchangisha. Ndege ya kwanza ya Tom Mboya, mwanasiasa wetu aliyepeleka vijana kusoma nje, Septemba 1959, ilibeba wanafunzi 81 kwenda Marekani. Tiketi zilitafutiwa pesa na wafadhili wa kule, na pesa za matumizi wengi walichangiwa na watu wa kwao.

Nilipata C+ kwenye KCSE. Nijaribu au nisijisumbue?

C+ kwenye KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, ndiyo daraja la chini la kuingia shahada katika vyuo vikuu vya Kenya, kwa hiyo mlango haujafungwa. Ufadhili wa nje una vipimo vyake. Waturuki, kwa mfano, hutaka angalau asilimia 70 kwa shahada ya kwanza, 75 kwa uzamili na uzamifu, na 90 kwa udaktari wa tiba. Kama umepata C ya kawaida au C-, anza na diploma, kisha upande shahada kutoka hapo. Ukimaliza na alama nzuri, maombi ya uzamili hayataangalia sana ulichofanya ukiwa na miaka kumi na minane.

Mtu wa kumkumbuka hapa ni wa mtaani kwetu. Ali Mazrui, yule msomi mashuhuri aliyezaliwa Mombasa 1933, alipata daraja la tatu katika cheti cha Cambridge, na Makerere ikamkataa. Akafanya kazi MIOME, ile taasisi ya elimu ya Kiislamu pale Tudor ambayo leo ni Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa. Ufadhili ulimpeleka Uingereza 1955. Akatoka na shahada ya Manchester 1960, uzamili wa Columbia 1961, uzamifu wa Oxford 1966. Na Makerere iliyomkataa? Alikwenda kufundisha huko, akawa profesa. Simtaji ili ulegeze masomo. Namtaja kwa sababu kila mwezi hunijia kijana aliyejifungia ndani kwa ajili ya herufi moja kwenye karatasi ya matokeo.

Jina langu kwenye cheti cha kuzaliwa si sawa na la KCSE. Ni jambo kubwa?

Ndilo kubwa kuliko yote katika ukurasa huu, na kwetu pwani ni ugonjwa wa kila nyumba. Majina yetu ni jina lako, la baba, la babu. Hayana jina la ukoo kama fomu za kigeni zinavyotaka. Karani wa hospitali aliandika kama alivyosikia, mwalimu wa darasa la nane akaandika kama alivyoona ni sahihi, na karani wa kitambulisho akafupisha kwa sababu kisanduku hakikutosha. Ndiyo unakuta mtu mmoja ni Mwanakombo Athumani kwenye cheti cha kuzaliwa, Mwanakombo A. Bakari kwenye KCSE, na Mwana Kombo Athman Bakari kwenye kitambulisho. Wewe unajua ni mtu mmoja. Afisa wa viza ana watu watatu mezani na hawajui hata mmoja.

Namna ya kurekebisha inategemea kosa liko wapi. Kama ni tahajia tu, Mohamed na Mohammed, au Athman na Athumani, mara nyingi hati ya kiapo iliyotiwa saini mbele ya wakili au hakimu, inayosema majina haya yote ni yako, hutosha kwa chuo. Ubalozi unaweza kukataa. Kama jina zima limeongezwa au kuachwa, utahitaji hati ya kubadilisha jina, ambayo husajiliwa na kutangazwa katika Gazeti Rasmi la Serikali. Huo mchakato hauishi kwa wiki mbili. Kama kosa liko kwenye KCSE, KNEC, baraza la mitihani la Kenya, ndio wenye kulirekebisha, na watataka barua ya shule.

Ushauri wangu: fanya pasipoti iwe ndiyo mama. Hakikisha cheti cha kuzaliwa na kitambulisho vimelingana kabla ya kuomba pasipoti, kisha kila fomu utakayojaza maishani ijaze kama pasipoti inavyosema, hata kama babu yako ameandikwa vibaya. Na mwanafunzi wa kidato cha nne anayesoma hapa, nenda leo ukaangalie jina lako lilivyosajiliwa kwa mtihani. Ni dakika tano sasa. Ukingoja litakula miezi.

Jambo jingine dogo: usileminati vyeti. Wizara ya Mambo ya Nje na balozi, hasa za nchi za Kiarabu, hugonga muhuri juu ya karatasi yenyewe, na muhuri haushiki juu ya plastiki.

Nianze lini?

Mwaka mmoja kabla. Matokeo ya KCSE miaka ya karibuni hutangazwa Januari. Uturuki hufungua maombi 10 Januari na kufunga 20 Februari. Hungaria hufunga katikati ya Januari, na huko huteuliwi mpaka nchi yako nayo ikupendekeze, kwa hiyo yanakuwa maombi mawili, moja kwao na moja kwa Wizara ya Elimu hapa. Vyuo vingi vya Marekani hufunga mapema Januari, na wanaowahi hupeleka tangu Novemba. Chevening ya Uingereza, kwa uzamili, kwa kawaida hufunguliwa Agosti na kufungwa Oktoba, nayo hudai uwe na uzoefu wa kazi wa saa 2,800, yaani kama miaka miwili.

Sasa piga hesabu. Matokeo yametoka tarehe tisa, Hungaria inafunga baada ya siku chache, na wewe ndiyo kwanza unaulizia pasipoti. Kama pasipoti, barua za walimu na insha viko tayari tangu Oktoba, Januari unabakiwa na kazi ya kupakia karatasi ya matokeo tu. Vyeti vyenyewe vya KCSE vitakuja baadaye sana, na wafadhili wanalijua hilo.

Marekani si ya watoto wa matajiri?

Kwa chuo cha kawaida, ni kweli. Lakini kuna vyuo vichache, kama Harvard, Yale, Princeton, MIT na Amherst, ambavyo havitazami uwezo wa mzazi vinapokuchagua hata kama wewe ni mgeni, na ukishachaguliwa hukulipia pengo lote. Kwa mtoto wa mvuvi wa Likoni inaweza kuwa rahisi kuliko chuo cha pili kwa ubora chenye ada nusu. Shida ni kuingia, maana milango hiyo inagombewa na dunia nzima. Ada ya maombi inaweza kusamehewa ukiomba, watu hawaombi.

Mimi si Mkenya. Nawezaje kujiunga na chuo Mombasa?

KUCCPS, unaosikia ukiwapangia wanafunzi vyuo, ni wa Wakenya, na mkopo wa HELB, bodi ya serikali ya mikopo ya wanafunzi, vilevile. Wewe unaomba moja kwa moja kwenye chuo: Chuo Kikuu cha Kiufundi pale Tudor, Chuo Kikuu cha Pwani kule Kilifi, au matawi ya vyuo vya Nairobi yaliyoko mjini. Cheti chako cha sekondari, kiwe cha Tanzania, Uganda, Somalia au kwingine, lazima kilinganishwe na KCSE. Kuna KNEC na kuna Mamlaka ya Kitaifa ya Ufuzu, KNQA. Usilipe popote kabla ya kuuliza ofisi ya udahili ya chuo chako inataka barua ya nani. Cheti cha Kiarabu, Kisomali au Kifaransa kitafsiriwe na mtafsiri anayetambulika, na tafsiri ibebe muhuri wake.

Ukishapata barua ya kukubaliwa, unaomba pasi ya mwanafunzi kwa Idara ya Uhamiaji. Raia wa Jumuiya ya Afrika Mashariki wana nafuu. Hata hivyo Msomali asichukulie kwamba, kwa kuwa nchi yake imeingia Jumuiya 2024, karatasi zimepungua dirishani. Aulize kila mara. Na pasi hiyo si kibali cha kazi. Nimeona kijana mzuri wa mwaka wa tatu akiingia matatani kwa sababu ya kuuza simu Mwembe Tayari.

Mimi ni mkimbizi. Kuna ufadhili wangu?

Upo, na wengi hapa mjini hawaujui kwa sababu matangazo huzunguka zaidi Kakuma na Dadaab. Mkubwa ni DAFI, ulioanzishwa 1992 kwa pesa za Ujerumani na kuendeshwa na shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa, UNHCR. Hulipia shahada ya kwanza katika nchi iliyokupokea, kwa hiyo unasoma Kenya hii hii, ukipata ada na posho ya kuishi. Lazima uwe umesajiliwa kama mkimbizi na karatasi zako ziwe hai. Aliyesajiliwa zamani na hajahuisha anaambiwa arudi nyuma ya foleni, na mwaka unampita.

Wa pili ni wa Kanada, unaoendeshwa na shirika la WUSC tangu 1978. Unachanganya masomo na makazi: mwanafunzi huingia Kanada akiwa mkaazi wa kudumu, na wanafunzi wenzake wa chuo humchangia kutoka kwenye ada zao. Kwa Kenya huchukua vijana wa kambini, Dadaab na Kakuma.

Usidanganye kambi wala tarehe ya kuzaliwa ili uingie. Alama zako za vidole ziko kwenye mfumo tangu siku ile ulipopanga foleni na mama yako, na wanaosoma maombi wanaona.

UNHCR imejiwekea lengo la kufikisha asilimia 15 ya vijana wakimbizi kwenye elimu ya juu ifikapo 2030. Mwaka 2019 walikuwa kama asilimia 1; kufikia 2023 walikuwa kama 7. Wazee wa hapa wanakumbuka kambi za Utange na Benadir miaka ya tisini, kabla hazijafungwa na watu kupelekwa kaskazini. Watoto wa kambi zile walisoma kwa bahati. Leo fomu ipo, basi ijaze.

Swali linalofuata huwa ni la safari. Mkimbizi aliyepata ufadhili wa nje hasafiri kwa pasipoti ya nchi aliyoikimbia. Huomba hati ya kusafiria ya wakimbizi, inayotolewa na serikali ya Kenya chini ya Mkataba wa 1951. Anza kuiomba siku ile ile unayopata barua, hata kama masomo ni mwaka ujao.

Wazazi wangu walitoka Pemba, sina kitambulisho. Niko kundi gani?

Usijiandikishe kama mkimbizi wala kama mgeni kabla ya kupata ushauri. Wamakonde walianza kupewa vitambulisho vya Kenya mwishoni mwa 2016, na Wapemba wakatambuliwa kuwa raia 2023. Kama familia yako ni ya jamii hizo, njia yako ni ya uraia, nayo inakufungulia HELB na KUCCPS. Nenda na mzee wa mtaa na cheti chochote cha shule ulichonacho.

Kuna ajenti anataka elfu themanini "za kufungulia faili". Nimlipe?

Usimlipe. Mimi nililipa, mwaka 2011, elfu thelathini za mama, kwa mtu mwenye ofisi nzuri na kiyoyozi. Barua aliyonipa ilikuwa na nembo ya chuo na kosa la tahajia kwenye jina la mji. Tuliporudi tulikuta ofisi inauza mapazia.

Chevening, Fulbright ya Marekani, Türkiye Bursları na Stipendium Hungaricum hazitozi hata senti kwa maombi. Chuo chenyewe kinaweza kutoza ada ya maombi, lakini utailipa kwenye tovuti ya chuo, wala haitumwi kwa M-Pesa ya mtu. Wako mawakala halali wanaolipwa na vyuo. Hao wana udhaifu wao: watakupeleka kwenye chuo kinachowalipa, hata kama hakina ufadhili. Muulize swali moja tu, "Anakulipa nani?" Akijikwaa, aga uondoke.

Insha ya kujieleza naiandikaje?

Anza kwa kufuta sentensi ya kwanza. Najua inasema tangu utotoni ulikuwa na ndoto. Zinazonijia zote zinasema hivyo, na anayesoma maombi elfu mbili ameshazisoma.

Binti mmoja alikuja na insha ya kusomea uhandisi wa maji iliyojaa "changamoto za maendeleo barani Afrika". Nikamuuliza kwao wanapata wapi maji. Akasema kwa mkokoteni, mitungi ya lita ishirini, na kwamba yeye ndiye mwenye daftari la deni la mwenye mkokoteni, hivyo anajua nyumba ipi hununua mitungi mingapi na bei hupanda siku gani. Hiyo ndiyo insha! Mtu mwenye takwimu za maji za mtaa mzima, alizokusanya mwenyewe kwa kalamu, alikuwa anaziacha nyumbani ili aandike kuhusu bara. Aliandika upya. Alipata.

Andika ulichofanya kwa mikono yako, mahali gani, mara ngapi, na nini kiliharibika. Kisha useme kozi hii ina somo gani linalokosekana hapa, kwa jina lake. Kama huwezi kulitaja, hujasoma ukurasa wa kozi. Na kaka yako anayejua Kizungu akusahihishie herufi tu, asikuandikie, maana kwenye mahojiano utaulizwa neno uliloazima na utakwama.

Mwalimu amekubali kuniandikia barua ya mapendekezo lakini haiandiki.

Ana wanafunzi sitini. Mpelekee karatasi moja yenye alama zako, vitu vitatu ulivyofanya darasani kwake, tarehe ya mwisho, na barua pepe itakakotoka fomu. Mkumbushe kwa upole wiki mbili kabla. Barua nzuri ni ya mwalimu anayekujua; ya mheshimiwa aliyepiga picha na wewe mara moja haina uzito.

Mahojiano ya viza ni Nairobi. Nijiandae vipi?

Fika siku moja kabla. Treni ya SGR kutoka Miritini ni shilingi 1,500 daraja la kawaida, lakini inakushusha Syokimau, na ubalozi wa Marekani uko Gigiri, upande wa pili wa jiji. Basi la usiku linalofika alfajiri limewaponza wengi. Unaingia umekunjamana na usingizi, na maswali huisha kwa dakika tatu.

Kwa viza ya mwanafunzi ya Marekani, dola 185 ni za maombi na dola 350 ni za usajili wa SEVIS, mfumo wao wa kufuatilia wanafunzi wa kigeni, na hizi za pili zilipwe kabla ya siku ya mahojiano. Tangu Juni 2025 waombaji hutakiwa kuacha wazi kurasa zao za mitandao ya kijamii. Uingereza hudai cheti cha kipimo cha kifua kikuu kutoka kliniki iliyoidhinishwa kwa atakayekaa zaidi ya miezi sita. Ujerumani huuliza pesa za kujikimu, euro 11,904 kwa mwaka kwenye akaunti maalumu. Mwenye barua ya ufadhili unaotosha haihitaji, ila barua itaje kiasi na miezi.

Afisa akikuuliza kwa nini chuo hiki, jibu la "kwa sababu walinipa ufadhili" ni la kweli, lakini lisiwe peke yake.

Nikifika, naruhusiwa kufanya kazi?

Kwa kiasi. Marekani, saa 20 kwa wiki wakati wa muhula, ndani ya chuo. Uingereza, kwa shahada, saa 20. Kanada, saa 24 nje ya chuo. Ujerumani, siku kamili 140 kwa mwaka. Soma pia mkataba wa mfadhili, maana wengine wanakataza hata pale nchi inaporuhusu. Na usimwahidi mtu nyumbani kwamba utatuma pesa mwaka wa kwanza.

Naweza kwenda na mke wangu?

Uingereza, tangu Januari 2024, hapana kwa wengi. Wamebakizwa wa utafiti wa uzamifu na wanaofadhiliwa na serikali. Marekani, kwa viza ya kawaida ya mwanafunzi, anaweza kukufuata lakini hataruhusiwa kufanya kazi. Zungumzeni kabla ya kuomba, si baada ya kupata.

Mimi ni mzazi. Binti yangu amepata, lakini ataishi na nani huko?

Mama, swali lako ni la haki na vijana hawapaswi kulicheka. Vyuo vingi vina hosteli za wasichana peke yao. Muulize akuonyeshe jina la hosteli, sheria zake na namba ya ofisi ya wanafunzi wa kigeni. Tafuta pia Wakenya waliotangulia mji huo. Karibu kila mji wa chuo una kundi lao, na mara nyingi yumo mtu wa Mombasa anayepika pilau siku ya Idi. Zungumza naye mwenyewe kwa simu. Kilichobaki ni dua na bando la intaneti.

Madina, Cairo au Khartoum: digrii zake zitatambuliwa?

Chuo Kikuu cha Kiislamu cha Madina, kilichoanzishwa 1961, husomesha bure, pamoja na posho, makazi na tiketi, na kwa shahada ya kwanza huchukua wenye umri wa miaka 17 hadi 25. Azhar ya Cairo nayo ni njia ya zamani kwetu. Kabla ya kwenda amua unarudi kufanya nini. Anayetaka kufundisha, kuwa wakili au daktari atakutana na mabaraza ya Kenya yenye masharti yao. Daktari aliyesomea nje, kwa mfano, hufanya mtihani hapa kabla ya mafunzo kazini. Uliza baraza kwanza.

Khartoum ilikuwa nyumba ya pili ya vijana wa pwani mpaka vita vilipozuka 15 Aprili 2023. Wapo waliorudi na nguo walizovaa, alama zao za miaka mitatu zikabaki kwenye jengo lisilofikika. Kwa hiyo, popote ulipo, kila muhula ukiisha omba nakala ya alama, ipige picha, ujitumie kwa barua pepe.

Lazima nirudi Kenya nikimaliza?

Chevening hutaka urudi kwa miaka miwili. Fulbright vilevile, na hiyo imefungwa kwenye viza yenyewe. Ufadhili wa vyuo vyenyewe mara nyingi haudai. Soma kabla ya kutia saini.

Mwezi wa kwanza niwe na pesa ngapi mfukoni?

Za miezi miwili, hata kama posho ni ya uhakika. Nilifika Leipzig nikijua posho inaingia tarehe mosi. Posho ilihitaji akaunti ya benki. Benki ilitaka karatasi ya kujiandikisha anwani. Manispaa ilitaka barua ya mwenye nyumba, na mwenye nyumba alitaka amana, ambayo kule kisheria inaweza kufika kodi ya miezi mitatu. Niliishi kwa mkate na maharage ya kopo siku kumi na tisa, huku mama akiniuliza kwa simu kama Wajerumani wanajua kupika wali.

Jumamosi hii upo?

Nipo, baada ya adhuhuri hadi magharibi, isipokuwa mvua ikinyesha maana baraza inavuja. Njoo na nakala. Vyeti asili viache kwa mama.